Simu Kumi na Moja za Sufiani

Orodha ya simu ilifika Jumatano saa nne asubuhi, karatasi mbili zilizobanwa kwa pini, na Mkaguzi Msaidizi Zuena aliisoma akiwa bado amesimama mlangoni. Alikuwa ameiomba kampuni ya simu tangu wiki iliyopita. Kesho yake jalada lilipaswa kwenda kwa mwendesha mashtaka, na jina lililoandikwa juu ya jalada hilo lilikuwa la Mzee Mwinjuma, mwenye boti, aliyekuwa mahabusu vyumba vitatu kutoka pale aliposimama.

Jambo lenyewe lilikuwa fupi na baya. Jumatatu ya wiki iliyopita boti ya Mwinjuma ilitoka Kiongoroni kwenda Nyamisati na watu saba. Ndani alikuwamo Warda, mjamzito aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri, pamoja na mama yake. Mashine ilizima mlangoni mwa mto wakati maji makubwa ya bamvua yanapwa kwa nguvu, boti ikasombwa hadi nje kwenye mawimbi, ikapinduka. Wanne walishikilia madumu matupu wakaokolewa na wavuvi wa kamba. Warda, mama yake, na nahodha Sufiani walirudishwa Kiongoroni wakiwa maiti.

Wote wanne waliopona walisema neno moja: Sufiani alipiga simu sana. Alipokelewa, kisha akakatiwa.

Kiongoroni nzima ikaamua ni nani aliyekata. Nani mwingine, kama si tajiri wa chombo? Sihaba, mchuuzi wa dagaa aliyekuwa amekaa karibu na nahodha, alisikia hata maneno mawili matatu katikati ya kelele za mawimbi. "Alikuwa anasihi, afande," alisema kwenye maelezo yake. "Anasema mama yangu nakuomba, mama yangu nakuomba. Sasa huyo mama ni nani kama si Mwanawetu, mke wa Mwinjuma, anayeshika simu ya mumewe kutwa?" Siku ya pili watu walichoma banda la mashine la Mwinjuma, na mzee akapanda boti ya wenzake, kisha bodaboda, akajileta Kibiti kwa polisi mwenyewe kabla naye hajachomwa.

Zuena alikaa, akachukua kalamu nyekundu. Asubuhi ile simu ya Sufiani ilipiga mara kumi na moja, zote kwa namba moja, inayoishia na 417. Mara ya kwanza saa mbili na dakika kumi na mbili: sekunde arobaini na moja. Mara ya pili, dakika mbili baadaye: sekunde kumi na tisa. Tisa zilizobaki zilikuwa sifuri, zikifuatana hadi saa tatu na dakika tatu, na mnara uliozishika ulikuwa wa upande wa Mafia. Mtu asiyesikia simu huiacha ikaita mpaka ikatike. Hizi hazikuita kabisa. Aliyepokea mara mbili alikuwa ameifungia namba ya Sufiani isimfikie tena.

Akaandika pembeni: dakika hamsini na moja. Boti ya doria iliyokuwa imefungwa Nyamisati ingemfikia kwa nusu saa. Nahodha mwenye dakika hamsini na moja na simu yenye chaji hakuwa mtu wa kufa.

Namba hiyo haikuwa ya Mwinjuma, wala ya mkewe. Ilikuwa imesajiliwa kwa vidole vya Rukaiya Ally, miaka ishirini na tisa, mkulima wa Chumbi.

Akaagiza mzee aletwe.

"Mzee Mwinjuma, una mke Chumbi?"

Mwinjuma alimtazama kama mtu aliyeulizwa iwapo anamiliki ndege ya abiria. "Mwanangu, huyu mmoja wa Kiongoroni nimeshindwa kumpa kanga ya Idi, nikaoe Chumbi?"

"Rukaiya Ally unamjua?"

"Simjui."

"Na namba hii?"

"Namba mie sizijui. Najua majina. Nikimtaka mtu nabonyeza jina lake."

"Na majina yalikuwa kwenye laini uliyoitupa mtoni siku moja baada ya ajali."

"Nshakwambia kwa nini niliitupa. Watu wananipigia wananitukania marehemu mama yangu. Wewe ungeiweka?"

Kwenye ripoti yake ya kwanza Zuena alikuwa ameandika kwamba mtu anayetupa laini ana kitu cha kuficha. Ilionekana sentensi ya akili sana siku ile.

"Sufiani hakukupigia hata mara moja. Wewe tajiri wake. Kwa nini?"

"Anipigie nimfanyie nini? Nilikuwa Mafia, na analijua hilo. Mtu chombo kinamwendea nje anataka wa kuja kumtoa, hataki wa kulia naye."

"Pale gatini kuna ubao wa namba ya dharura. Mia moja na kumi na mbili, ni bure. Hakuipiga hiyo pia."

"Mia moja na kumi na mbili ni mtoto wa nani?" Mzee aliuliza bila kejeli. "Usione dharau, afande. Sie ukipata shida majini unampigia mtu. Mtu ambaye ukimwambia niko kwa Bi Tatu, hakuulizi kwa Bi Tatu ni wilaya gani. Enzi za Afande Mrisho pale doria, haya yasingefika hapa."

"Afande Mrisho amestaafu," Zuena alisema, akageuza ukurasa.

Gari la ofisi lilikuwa gereji, kwa hiyo alipanda basi hadi Ikwiriri, kisha bodaboda hadi Chumbi. Njia nzima alikuwa na dhana mbili kichwani: mke wa siri wa mwenye boti, au mke wa siri wa nahodha. Kazi ya upelelezi humzoesha mtu kuwaza mabaya kwanza, na ubaya wenyewe ni kwamba mara nyingi huwa kweli.

Walimwelekeza mashambani. Mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke, na Rukaiya alikuwa juu ya dungu la miti akiamia ndege wasile mpunga, kamba nne mkononi, kila kamba imefungwa makopo huko mwisho wa shamba. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye macho makali.

"Panda, dada, ila ngazi ya tatu imeoza," alisema. Alipoona kitambulisho cha polisi akaongeza, "Ya pili nayo si nzuri."

Zuena alipanda, akakaa, akamsomea namba.

"Ni yangu," Rukaiya alisema. "Nilinunua kwa wakala pale Ikwiriri, huu ni mwezi wa tano sasa tangu niinunue. Ya zamani niliitupa baada ya kutapeliwa."

"Ulitapeliwaje?"

"Alinipigia mtu analia. Ati kaka yangu kagongwa na lori Dar, yuko hospitali, bila hela ya dawa hafiki jioni. Nikauza mpunga wote wa kula, nikatuma. Jioni nampigia mke wa kaka, ananiambia kaka yako huyu hapa anakula ugali." Alivuta kamba moja, makopo yakalia, ndege wakaruka. "Mume wangu akaniambia, Rukaiya, mtu usiyemjua akikupigia analia, kata. Nikaapa."

"Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, ulipigiwa na mtu usiyemjua."

"Nilipigiwa. Nilikuwa hapa hapa."

"Niambie maneno yake. Usiyatengeneze, kama alivyoyasema."

Rukaiya alifikiri. "Alianza na shikamoo. Akasema, Afande Mrisho, shikamoo, ni Sufiani wa Kiongoroni."

Kalamu ya Zuena ilisimama.

"Rudia jina la huyo afande."

"Mrisho. Si yeye tu, wengi hunipigia wakimtaka huyo. Tangu nimenunua laini. Mmoja alinipigia Idi kumpa heri. Mwingine ananiuliza kama leo pepo za baharini ni nzuri, mimi na pepo wapi na wapi? Nikiwaambia wamekosea wanasema samahani mama, msalimie Afande. Wananifanya mke wake." Alitikisa kichwa. "Nikajua ni matapeli wa kundi moja, wanataka nizoee hilo jina kwanza."

"Endelea na huyu wa Jumatatu."

"Akasema mashine imezima, tumepita kwa Bi Tatu, maji yanatutoa nje, na humu nina mzazi, uchungu umemshika. Nikamwambia mimi si afande. Akasema najua mama, mpe simu Afande, mama yangu nakuomba. Nikakata. Akapiga tena. Safari hii nasikia na mwanamke analia nyuma. Nikasema hawa leo wamejipanga, wamekuja na mtu wa kulia kabisa. Nikamwambia tafuta mjinga mwingine, nikamfungia asinipate tena." Akamgeukia Zuena. "Mtamkamata? Nilijua siku moja mtakuja. Tapeli gani yule anaanza na shikamoo."

Hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa dhana zote mbili. Zuena alikuwa amepata alichotumwa: namba, mpokeaji, sababu. Angeweza kushuka ngazi zile mbovu, amshukuru, aende zake, na mwanamke yule angeendelea kuamia ndege akijua kwamba siku moja alimshinda tapeli. Alitamani sana kufanya hivyo.

"Hakuwa tapeli," alisema.

Rukaiya alingoja.

"Alikuwa nahodha. Boti ilipinduka saa tatu na ushei. Amekufa yeye, na yule mzazi, na mama wa mzazi."

Kamba zilimponyoka mkononi moja baada ya nyingine, na ndege wakarudi wakashuka kwenye mpunga, wengi, wakala bila kufukuzwa na mtu.

"Mwanamke aliyekuwa analia ndiye huyo?" aliuliza hatimaye.

"Ndiye."

"Nilimwambia tafuta mjinga mwingine."

"Hukujua. Ulivyofanya ndivyo tunavyowafundisha watu kila siku."

"Lakini nilimwambia."

Zuena alimwandikia maelezo yake, akamsomea, Rukaiya akaweka sahihi bila kuangalia karatasi. Alipofika chini, Zuena alimsikia Rukaiya huko juu akiuliza, si kwa sauti ya kutaka jibu, "Sasa huyo Afande Mrisho kwa nini aliiacha namba yake?"

Jibu lilikuwa Kibiti, kwenye droo ya tatu ya meza ya Zuena.

Alifika ofisini saa tisa, akafunga mlango, akatoa mihuri mibovu na chaja isiyo na simu, na chini kabisa akaikuta bahasha ya kaki. Juu yake mwandiko wa Stesheni Sajini Mrisho, herufi kubwa za mtu aliyesoma zamani: LAINI YA WATU WA MAJINI. ISIFE. Ndani laini ya simu, na kikaratasi chenye namba. Mwisho wake 417.

Alipewa bahasha ile miezi kumi na moja iliyopita, siku Mrisho anaagwa, na alikuwa ametikisa kichwa na kusema atakwenda kwa wakala kuibadilisha iwe kwa jina lake. Hakwenda. Wiki ya kwanza foleni ilikuwa ndefu. Baada ya hapo hakuna foleni iliyomzuia. Alijua laini ile italia alfajiri, italia akiwa anakula, italia Idi, kama ilivyomlilia Mrisho miaka kumi na minne, na hakuitaka. Laini ikilala miezi kadhaa kampuni huifunga, na namba huuzwa kwa mtu mwingine. Yote hayo aliyajua, maana ni mpelelezi.

Mrisho alikuwa nyuma ya nyumba yake, si mbali na soko, akipanda mihogo. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye kofia ya ukili. Zuena alimwamkia, akamweleza kila kitu kwa mpangilio, kama anavyotoa ushahidi mahakamani. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Sufiani alisema yuko wapi?" aliuliza.

"Alisema wamepita kwa Bi Tatu."

"Alitupa nanga?"

"Waliopona wanasema alitupa. Haikushika."

"Pale ni tope, haishiki." Mrisho aligeuza jembe, akachora kwa mpini kwenye udongo aliokwisha kulima. "Mto huu. Hapa ndipo kwa Bi Tatu. Yeye atakuwa alipambana kurudi ndani, akawapa watu makasia wavute kuelekea mikokoni. Hivyo?"

"Ndivyo walivyosema. Walivuta mpaka mikono ikachubuka."

"Asingepambana. Angekiacha chombo kiende na maji, akikielekeza kushoto tu. Kuna fungu la mchanga hapa. Limejitengeneza baada ya mafuriko makubwa, wenyeji wengi hawalijui kwa sababu njia yao haipiti nje. Sisi wa doria tumelijua kwa kukwama. Maji yakipwa ni ya kiuno." Akachora duara dogo, akalitazama. "Wangeshuka wakasimama, wakamshika yule mzazi, wakangoja boti. Ningemwambia kwa simu. Neno moja tu."

Zuena alilitazama lile duara. Alijua kwamba hata akiishi miaka themanini atakuwa analiona.

"Ulisema utaisajili," Mrisho alisema.

"Nilisema."

"Mwezi ule wa kwanza baada ya kuagwa nilitaka kukupigia nikukumbushe. Nikasema, aa, atasema mzee kastaafu lakini hataki kuachia. Nikanyamaza." Alifuta mchoro kwa mguu. "Nikajinunulia laini mpya, wanne tu wanaijua. Nililala, Zuena. Baada ya miaka kumi na minne nikalala usingizi mzuri sana. Sasa nami niandike humo kwenye jalada lako, usijiandike peke yako."

Asubuhi ya Alhamisi Zuena aliweka mezani kwa mkuu wake wa upelelezi, Afande Kheri, vitu vitatu: orodha ya simu, maelezo ya Rukaiya, na karatasi mbili za maelezo yake mwenyewe. Kheri alisoma hizo mbili za mwisho mara mbili. Alikuwa mtu mwenye busara ya ofisi, anayejua karatasi ipi ina uzito na ipi ina moto.

"Hii orodha peke yake inamtoa mzee," alisema. "Hakupigiwa, hakukata. Nitaongea na mwendesha mashtaka, na leo analala kwake. Sasa hili la bahasha, nani mwingine anajua?"

"Afande Mrisho."

"Mrisho hatasema."

"Hatasema."

"Na sheria haikulazimishi kutunza laini ya mtu. Haikuwa kifaa cha serikali, haipo kwenye daftari lolote." Alizisukuma karatasi mbili kuelekea kwa Zuena taratibu. "Una miaka ishirini ya kazi mbele yako. Mzee anatoka, wewe unabaki. Ni nini kinachokuwasha?"

Zuena alizichukua zile karatasi, na ni aibu kulisema, lakini alizikunja na kuzitia mfukoni. Kisha akaenda kumfungulia Mwinjuma.

"Mzee, chukua begi lako. Tumethibitisha hukupigiwa simu. Uko huru."

Mwinjuma hakuinuka. "Aliyepigiwa ni nani?"

"Mtu wa mbali asiyehusika. Namba ilikosewa."

"Sufiani hakosei namba. Sufiani amempigia mtu wake." Alikaa vizuri zaidi kwenye sakafu, kama anayejiandaa kukaa. "Afande, hebu nikuulize. Nikirudi Kiongoroni leo na begi, niseme nini? Watauliza, kama si wewe ni nani? Nikisema sijui, watasema Mwinjuma kahonga. Nani atapanda chombo changu? Mke wangu atachota maji kisima gani? Nikifa nani atanizika? Banda nitajenga jingine. Jina silijengi kwa miti."

"Sina la kukusaidia hapo."

"Unalo. Kama unajua ni nani, njoo ukaseme pale watu wote wanasikia. Kama hutaki kusema, nifungie mlango. Hapa angalau wananiita mtuhumiwa. Kule nishakuwa muuaji."

Mlango ulikuwa wazi kati yao. Zuena aliingiza mkono mfukoni, akazikuta karatasi bado zipo, maana kuna mambo mtu hutamani yapotee yenyewe. Akachuchumaa ili macho yao yawe sawa.

"Ni mimi, mzee," alisema. Akamweleza.

Mwinjuma alisikiliza mpaka mwisho. Zuena alitarajia tusi, na angelipokea. Mzee alivuta begi lake, akafunga zipu iliyokuwa inakwama, akajaribu mara tatu hadi ikakubali.

"Usiku tisa nimelala hapa chini," alisema. "Ulikuwa unaniletea chai."

"Ndiyo."

"Na mie nikawa naikataa, nikisema huyu ananilainisha ili niseme. Kesho Ijumaa. Maji yanajaa asubuhi, twende ukaseme."

Zuena alirudi kwa Kheri, akazikunjua karatasi mbili, akazinyoosha kwa kiganja na kuzipachika kwenye jalada chini ya maelezo ya Rukaiya. Kheri alimtazama akifanya hivyo, akapiga muhuri wa kupokelewa.

Baada ya swala ya Ijumaa watu wa Kiongoroni walikusanyika mbele ya ofisi ya serikali ya kijiji, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Zuena alisimama, Mwinjuma ubavuni kwake. Hakuzunguka. Aliwaambia Sufiani alimpigia Afande Mrisho, kwamba laini ya Mrisho alikabidhiwa yeye Zuena, kwamba aliitia kwenye droo ikafa, na namba ikauzwa kwa mwanamke wa Chumbi ambaye hakuwajua. Kwamba Mwinjuma hakupigiwa na hakukata. Alisema jina lake lote, la baba na la babu, ili wasimtafute baadaye.

Sauti za watu waliokuwa wanapakua miti gatini zilisikika.

"Basi yule si mke wa Afande?" Sihaba aliuliza kutoka upande wa wanawake.

"Si mke wake."

"Sie tulijua kaoa mke mdogo." Sihaba alijishika shavu. "Miezi yote hii. Mtu akipiga akijibiwa vibaya, anakuja kutusimulia, tunacheka. Tunasema Afande uzeeni kapata chui. Hakuna hata mmoja aliyesema, jamani hii namba si yake tena. Tulikuwa tunacheka."

Mwanamke mmoja alianza kulia, akafuata mwingine. Zuena alikuwa amejiandaa kwa mawe, na hilo la kucheka lilimuumiza zaidi ya mawe. Hakuna aliyemwomba Mwinjuma radhi kwa maneno. Ila mwanamume mmoja mwenye mikono ya kukata mikoko alitoka upande wao, akampokea begi, akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwa mzee, na wengine wakafuata.

Ilibaki nyumba moja. Sabra, mjane wa Sufiani, alikuwa kwenye eda na hakuweza kuja mkutanoni, kwa hiyo Zuena alimfuata ndani. Alimkuta ameketi kwenye mkeka, shuka jeupe hadi kichwani. Hakuwa na miaka zaidi ya ishirini na mitano.

"Usirudie, afande," Sabra alisema. "Ofisi iko hapo nje, na kuta ni za fito. Nimesikia yote."

Zuena alikaa chini. "Nimekukosea," alisema. "Najuta, na sina cha kukurudishia."

Sabra alitoa simu chini ya mto, ndogo ya vitufe, akampa.

"Iko ya kwanza kabisa. Aliniwekea mwenyewe wiki tuliyooana. Akasema, siku nikichelewa kurudi, mpigie huyu. Mie siku ile sikupiga. Nilijua keshapiga yeye." Akarudisha mikono ndani ya shuka. "Ifute. Mie mkono wangu hauendi."

Zuena aliifungua. Ilikuwa imeandikwa Afande Mrisho, na chini yake namba. Simu iliuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

"Sasa niwekee nyingine. Nina mdogo wangu, naye kaanza kuendesha boti."

"Nakuwekea mia moja na kumi na mbili. Ni ya dharura, ni bure, hata kama huna salio."

"Weka. Na yako weka."

"Bi Sabra, mimi huenda wiki ijayo nisiwe kazini. Nimejiandika kwenye jalada. Sijui watanipeleka wapi."

"Kazi sijaiuliza."

Zuena aliandika namba yake taratibu, akaihakiki tarakimu moja moja. Simu ikadai jina.

"Niandikeje? Afande?"

"Maafande wako wengi." Sabra alivuta shuka vizuri begani, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. "Andika Zuena. Siku usipopokea tujue ni nani."